Nililificha Sanduku la Mzee kwa Sababu ya Mkanda wa Mke Wangu

Bi Mshauri,

Nakuandikia nikiwa nimesimama, karatasi nimeiweka juu ya kaunta ya kazini kati ya kitabu cha namba na kopo la gundi, dirisha nimelishusha kwa dakika hizi za chakula, na kama mwandiko wangu unapanda na kushuka unisamehe, kwa kuwa naandika nikikimbizana na saa. Nitupie jicho kabla ya Jumapili. Jumapili mke wangu anaondoka na meli, na akiondoka kabla sijamwambia nililolifanya, sijui akirudi nitamtazama kwa macho gani.

Mimi ni mtunza mizigo hapa bandarini, huu mwaka wa kumi na tisa. Abiria wanaoshuka kwenye meli kubwa, wale ambao bado wana safari ya mbele kwa treni au basi na safari yenyewe si ya siku ileile, huniachia masanduku yao, nami nafunga kadi ya namba kwenye mkono wa sanduku, nakata nusu nampa mwenyewe, na hakuna anayetoa mzigo kwangu bila ile nusu hata awe waziri, ndiyo maana wenzangu wakanibandika jina la Bwana Stakabadhi, na jina hilo nimelizoea hadi nalipenda. Kwa miaka yote hiyo haijawahi kupotea hata mwavuli. Nasema hivyo ili ujue nimeanguka kutoka wapi.

Mke wangu naye anafanya kazi kwenye meli mojawapo, ni mhudumu wa vyumba vya abiria, kazi aliyoianza miaka miwili iliyopita mtoto wetu wa mwisho alipoingia sekondari, na mimi ndiye niliyemwambia aombe, Bi Mshauri, hakuna aliyenilazimisha, niliona namna alivyokuwa akizitazama zile meli kila akiniletea chakula. Kuvuka bahari ni siku tisa kwenda na siku tisa kurudi, na katikati meli inapumzika huko ng'ambo, kwa hiyo mimi mke wangu nampata siku nne katika kila wiki tano, siku nne ambazo moja analala usingizi tu na nyingine anafua. Na tangu alipoanza kazi hiyo wivu umeniingia kama maji yanavyoingia kwenye kiatu, huoni yalikopitia, unahisi tu soksi imelowa. Nimemwonea wivu nahodha. Nimemwonea wivu mpishi, na mpiga ngoma wa bendi ya kule juu ambaye hata sura yake siijui. Abiria akija dirishani kwangu akisema wahudumu wa safari hii walikuwa wakarimu sana, namtazama tai yake, namtazama viatu, nauliza kwa sauti ya kikazi chumba chake kilikuwa namba ngapi. Sare ya mke wangu kabla haijaingia kwenye beseni nainusa. Najua hayo si mambo ya mtu mzima wa miaka arobaini na sita, lakini nimeamua nikuambie yote.

Sasa sikiliza. Jumanne ya wiki iliyopita meli yao iliingia, na safari hii itakaa bandarini siku kumi na mbili kwa ajili ya matengenezo ya mitambo, nikafurahi, nikajua nitakaa naye kama watu wa kawaida. Kabla hajatoka yeye, walishuka abiria, na katika foleni yangu akaja mzee mmoja mrefu mwenye koti la kijivu, anatembea polepole akigusa ukingo wa kaunta kwa vidole, akanieleza bila kuulizwa kwamba alikuwa fundi wa saa maisha yake yote, kwamba jicho lake moja limepasuliwa na daktari kamkataza kupanda ndege, ndiyo maana kaja kwa bahari, kwamba Alhamisi ataonwa na daktari wa macho hapa mjini na Ijumaa atapanda treni ya kwenda milimani, mji wa mwisho wa reli, kwa mke wake. Akaniomba nimwekee sanduku mpaka Ijumaa. Kadi yake ilikuwa namba mia tatu kumi na nane. Nikaliinua sanduku, la ngozi, kuukuu, kufuli lake moja limevunjika, na mahali pa kufuli limefungwa mkanda wa kitambaa cha bluu. Ule mkanda ulikuwa wa gauni la mke wangu. Kuna bluu nyingi duniani, sikatai, lakini ule una alama ya pasi karibu na ncha, niliyoiweka mimi kwa mkono wangu siku niliyojitia kumsaidia kupiga nguo pasi.

Mzee akaniambia, akitabasamu, kwamba mhudumu wa chumba chake ndiye aliyemwelekeza kwangu, alimwambia asimpe mtu mwingine yeyote, aje kwenye dirisha hili hili. Nikakata nusu ya kadi, nikampa bila kumtazama.

Nyumbani siku ile, mke wangu akimenya viazi, nikamuuliza kama mtu anayeuliza habari za mvua, ule mkanda wa gauni lako la bluu uko wapi siku hizi, akasema kampa mtu aliyekuwa na shida, akaendelea kumenya. Hakuinua hata kichwa. Mtu mwenye akili angeuliza nani na shida gani, mimi nikanyamaza nikawa nahesabu, kwa nini hakumtaja, kwa nini hakuinua kichwa. Na kesho yake, Jumatano, dirisha lilipotulia baada ya saa sita, nikaingia kwenye safu ya rafu, nikalishusha lile sanduku, nikafungua mkanda. Sijawahi kufungua mzigo wa mtu, Bi Mshauri, tangu nianze kazi.

Juu kulikuwa na mashati, chini ya mashati boksi dogo la vifaa vya saa, na chini ya boksi bunda la karatasi limefungwa uzi. Mwandiko wa mke wangu. Ile s yake inayolala, ile k yake yenye mguu mrefu, ninaijua kutoka kwenye orodha zote za sokoni zilizowahi kubandikwa kwenye mlango wa kabati letu. Karatasi ya juu ilianza hivi: "Mpenzi wangu, najua hukutegemea mkono huu ukuandikie. Nimenyamaza miaka mingi, lakini safari hii ya bahari imenifungua mdomo." Sikuendelea. Nilikaa chini kwenye sanduku la mtu mwingine. Mimi ujumbe ninaoupata kutoka kwa mwandiko ule na kutoka kwa simu ile ni nimefika salama, mwambie dada akumbuke kununua sabuni.

Nikamfungia mzee sanduku lake kama lilivyokuwa, lakini sikulirudisha rafuni. Nililipeleka chumba cha nyuma, tunakoweka mizigo isiyo na wenyewe, nikalisukuma nyuma ya kigari cha mtoto na kitanda cha kukunja, nikalifunika turubai, na kadi namba mia tatu kumi na nane nikaichana vipande vipande. Alhamisi asubuhi mke wangu akatoka akiwa amevaa vizuri, binti yetu mkubwa nilipomuuliza mama yake kaenda wapi akajibu anadhani anampeleka mtu hospitali, na aliporudi alikuwa anaimba chinichini. Ule wimbo sitausahau.

Ijumaa mzee akaja na nusu ya kadi yake mkononi. Nikaichukua, nikaenda kwenye rafu, nikasimama huko muda wa mtu anayetafuta, nikarudi nikamwambia mzee wangu, sanduku lako halionekani, huenda limepelekwa mbele na mizigo ya treni kwa makosa. Alinielekezea uso, lakini macho yake yalikuwa yanatazama kidogo pembeni ya bega langu. Akaniomba nitazame tena. Nikaenda nikatazama tena, Bi Mshauri, nikatazama ukuta. Niliporudi alikuwa ameshika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili na ile mikono inatetemeka, akasema, "Nguo si kitu, mwanangu. Humo kuna karatasi nisizoweza kuzisema tena mara ya pili." Sikuelewa maana yake, na sikutaka kuelewa. Nilimwona anakaa kwenye benchi la ukumbini, na alikuwa bado amekaa pale treni ilipopiga honi.

Msimamizi wangu alipopata habari akaniagiza nijaze fomu ya mzigo uliopotea. Nikaijaza. Nikaweka sahihi.

Sasa Jumamosi tunakula chakula cha mchana, mimi na mke wangu peke yetu, akaniuliza hivi yule mzee wangu fundi saa alipata treni salama, maana nilimtuma kwako. Nikasema ndiyo. Basi akanihadithia, sahani mkononi. Kumbe mzee huyo miaka kumi na miwili iliyopita alikwenda ng'ambo kutafuta kazi akamwacha mkewe kule milimani, mwanzoni akawa anaandika, baadaye kimya, hakuwa na mwanamke mwingine ila aibu ya mambo kutomwendea, na kimya kikazaa kimya. Sasa macho yamekwisha, mikono inatetemeka, hawezi kushika kalamu, na anataka kurudi lakini anajua akisimama mbele ya yule mama ulimi utamkwama, kwa hiyo kila siku mke wangu alipomaliza vyumba alikaa kwenye kiti cha chumba chake, mlango wazi, mzee anasema yeye anaandika, siku tisa, barua tisa. Ufunguo wa kufuli ukavunjikia ndani, akampa mkanda wake. Alhamisi akampeleka kwa daktari kwa kuwa njia hakuiona. Kisha akasema jambo ambalo halinitoki kichwani, akitazama dirishani si mimi: "Kuna siku nilikuwa naandika nikatamani na mimi mtu aniandikie hivi."

Nikamwambia anipe chumvi.

Ungetegemea wivu uishe hapo. Haukuisha, ndilo linalonitisha. Jumapili nilikwenda kazini kwa zamu fupi nikalifunua turubai nikazisoma zote tisa, najua ni dhambi juu ya dhambi. Kwenye ya nne mzee anamwambia mkewe kwamba alipokuwa naye nyumbani alizungumza na wateja, na saa, na majirani, na yeye peke yake hakumwambia kitu. Kwenye ya sita wino umevujia mahali pawili na najua machozi hayo si ya mzee, mzee hakuwa ameinamia karatasi. Basi sasa namwonea wivu kipofu. Namwonea wivu kwa siku tisa alizokaa na mke wangu akisema maneno ambayo mimi kwa miaka kumi na minane sikuwahi kuyatafuta.

Jumatatu mzee alirudi kuuliza. Nilikuwa nimeazimia kumrudishia, naapa, lakini msimamizi alikuwa amesimama ubavuni mwangu na ile fomu iko mkononi mwake, sahihi yangu chini, nikatikisa kichwa kama mbuzi. Mzee akaacha anwani ya nyumba ya mkewe, akasema likipatikana lipelekwe huko, akapanda treni akiwa hana hata begi.

Ninalokuuliza ni hili. Treni ya Ijumaa ina behewa la mizigo. Nikilipakia sanduku humo na anwani ile, bila jina la aliyelituma, yeye atadhani lilipotelea njiani, msimamizi atadhani hivyohivyo, na mke wangu ataondoka Jumapili akiniona bado ni yule Bwana Stakabadhi wake. Je, kuna ubaya? Na huu wivu, Bi Mshauri, unatolewa na nini? Namba yangu ya simu nimeiandika nyuma ya karatasi.

Ni mimi,
Bwana Stakabadhi

MSHAURI ANAJIBU

Bwana Stakabadhi, barua yako uliileta mwenyewe dirishani kwetu Jumatano, na kwa kuwa gazeti hili hutoka mara moja kwa wiki na treni haingoji gazeti, nilikupigia saa ileile. Umeniruhusu niyachapishe niliyokuambia, na yaliyofuata, ili wasomaji wenye ugonjwa kama wako wapate dozi. Nayarudia hapa, na sauti sijaipunguza.

Sikucheka wivu wako. Mtu anayeshinda miaka kumi na tisa akiwafungia wengine safari zao huku yeye habanduki, kisha mkewe naye anakuwa mmoja wa wanaoondoka, huyo ana haki ya kuumwa. Siku nne katika wiki tano ni chache. Kuumwa nimekuruhusu. Kunusa sare ni kujidhalilisha, lakini hata hilo ningelipitisha. Ila ulimtazama usoni mtu asiyeweza kuuona wako, ukamwambia uongo, ukaenda ukatazama ukuta, ukarudi ukamwambia tena. Kwa hilo sina neno laini.

Ulikuwa na nafasi mbili za kuuliza swali moja la maneno matano. Kwenye viazi. Alhamisi alipotoka amevaa vizuri. Mkeo hakuficha kitu, alikuambia kampa mtu mwenye shida, na kama ungeuliza nani angekujibu kabla kiazi hakijaisha kumenywa. Wewe ulitaka kumkamata, hukutaka kumjua. Na aliposema mbele yako, wazi, anatamani mtu amwandikie, ukaomba chumvi. Nimesoma barua za wanaume miaka mingi, bwana, hiyo chumvi imenikaa kooni.

Kuhusu behewa la mizigo, hapana. Nikueleze kwa nini, kwa sababu naona hukulifikiria lililo kubwa zaidi. Yule mzee amepanda mlimani kwa mwanamke aliyemnyamazia miaka kumi na miwili, amesimama mlangoni mikono mitupu, na atamwambiaje? Nilikuandikia barua tisa, mama, ila zimepotea bandarini. Wewe ungekuwa yule mama ungeamini? Sanduku likija lenyewe baada ya siku nne atasema barua zimeandikwa juzi na mtu wa mtaani. Mwandiko si wa mumewe, usisahau. Ukimwacha yeye mwenyewe, duniani kuna watu wawili tu wanaojua kwa hakika kwamba barua zile ziliandikwa baharini kabla hajafika. Mmoja anaondoka na meli Jumapili. Mwingine ni wewe. Kwa hiyo utalibeba sanduku hilo kwa mkono wako, utapanda treni ya Ijumaa ukiwa abiria, utagonga mlango, na utasema mbele ya wote wawili: lilikuwa kwangu, nililificha mimi, na sababu ni hii. Usipunguze chochote ili uonekane mzuri. Lakini kabla ya Ijumaa umwambie mkeo, asije akasikia kwa abiria wa safari nyingine, na umwambie msimamizi, kwa sababu ile fomu ina sahihi yako na uongo wenye sahihi haukai rafuni milele.

Hayo ndiyo niliyokuambia Jumatano.

Sasa wasomaji wangu mtataka kujua. Bwana huyu alimwambia mkewe Alhamisi asubuhi, mama akiwa anapiga pasi sare yake. Mama hakupaza sauti. Alimaliza mkono wa kushoto, akageuza, akamaliza wa kulia, ndipo akauliza, "Alikuuliza mara ngapi?" Alipojibiwa kwamba siku mbili, na siku ya kwanza akaomba atazamiwe tena, akazima pasi, akatoka nje, na siku nzima hakusema naye. Msimamizi naye kamwondoa dirishani kwa miezi mitatu, sasa anasukuma mikokoteni uani, na mimi naona amepona kwa bahati.

Ijumaa akapanda treni. Alikuta mzee hayumo nyumbani kwa mkewe. Yule mama alikuwa amempa maji ya kunywa mlangoni, akamsikiliza habari za barua zilizopotea, akamwambia aende, na mzee alikuwa amepanga chumba nyuma ya kituo cha treni akisubiri hata yeye hajui nini. Bwana Stakabadhi akarudi kituoni kumtafuta, akamshika mkono, wakaenda wote. Akasema yote pale kwenye ngazi, sanduku miguuni, huku mzee amesimama nyuma yake. Yule mama akamwagiza alifungue pale pale. Akazitoa barua, akazitazama bila kuzisoma, akauliza, "Huu mwandiko wa nani?"

"Wa mke wangu," akamjibu. "Mimi nilidhani anamwandikia yeye."

Yule mama alimtazama kwa muda, ananiambia, kama mtu anayepima kitambaa. Kisha akamwambia mumewe arudi Jumapili mchana. Atamsomea barua zake mwenyewe, moja baada ya moja, akiwa amekaa mbele yake, aone kama mzee maneno hayo atayakubali hata akiwa anatazamwa. Akafunga mlango. Mzee akatembea njia yote ya kurudi kituoni, walipofika akamwambia Bwana Stakabadhi kwamba hajamsamehe bado, lakini amshike mkono kwenye ngazi, kwa kuwa ngazi ile haioni.

Sijui Jumapili hiyo ilikwendaje, wala yeye hajui. Tuwaachie wenyewe.

Jumapili asubuhi ileile mkeo aliondoka, Bwana Stakabadhi. Ulimbebea begi mpaka kwenye daraja la meli, akalipokea, akasema mtaongea akirudi. Nawe ukanipigia tena Jumatatu, ukiwa na wazo. Umegundua kwamba barua ya ndege inafika ng'ambo kwa siku tano, na meli kwa siku tisa, kwa hiyo ukiandika sasa barua itamkuta bandarini inamsubiri. Wazo zuri, la kwanza zuri tangu tufahamiane. Ukaharibu hapohapo. Ukaniomba nikutungie mimi, maana, ukasema, wewe Bi Mshauri maneno unayajua.

Hapana. Mzee aliomba mkono wa mtu kwa sababu macho yamekwisha. Wewe una macho mawili, vidole kumi, na umeniandikia mimi, mtu usiyemjua, kurasa sita bila kupumua ukiwa umesimama kazini. Usinidanganye kwamba huna maneno. Keti leo mchana. Mwambie uani kukoje ukisukuma mikokoteni na wenzako wanakutazama. Mwambie ulichokula ukiwa peke yako na ulichokuwa unakiwaza. Mwambie wivu wako ulianza lini, na kwamba ulimtuma mwenyewe akaombe kazi kwa sababu uliona alivyokuwa akizitazama meli, maana sidhani kama umewahi kumwambia kwamba uliona. Usianze na mpenzi wangu kama si neno lako, anza na jina unalomwita jikoni. Ukikosea kata mstari, endelea, asipate karatasi safi ya uongo.

Huenda mkeo hatakujibu. Andika hivyohivyo. Posta ya bandarini hufungwa saa kumi.